Hegu, Neiguan au Zusanli: Ubonyeze Nukta Ipi kwa Maradhi Yapi?

Ukitafuta mtandaoni nukta ya akupancha, ile tiba ya Kichina ya sindano, ya kutuliza kichwa, utaletewa mchoro wa mwili uliojaa vidoto kuanzia utosini hadi kidole kidogo cha mguu, na karibu kila kidoto kinadaiwa kutibu kichwa, tumbo, usingizi na hasira. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008, uliotoka baada ya wataalamu wa China, Japani na Korea kubishana miaka kadhaa juu ya mahali hasa pa kila nukta, unataja nukta 361. Mtu wa kawaida atazifanyia nini zote hizo?

Matabibu wa Kichina walilijua tatizo hilo mapema. Tangu enzi ya Ming (1368–1644) wanafunzi wao wamekaririshwa ubeti mfupi wa mistari minne: tumbo ni la Zusanli, mgongo na kiuno ni vya Weizhong, kichwa na shingo mtafute Lieque, uso na mdomo mwachie Hegu. Baadaye ikaongezwa Neiguan kwa moyo na kifua. Ubeti huo ni mahali pazuri pa kuanzia, ila hauwezi kukumalizia kazi, kwa sababu hausemi ni nukta ipi imepimwa ikaonekana inafanya kazi, wala ipi ni hatari kwa mjamzito.

Msimamo wangu niuseme mapema. Kwa kichefuchefu, nukta unayochagua ina uzito. Kwa maumivu, uzito wake ni mdogo kuliko michoro inavyodai, kwa hiyo hapo chagua iliyo salama na unayoifikia bila taabu.

Kabla ya kubonyeza, pima

Nukta hupimwa kwa cun, inayotamkwa "tsun". Cun 1 ni upana wa gumba penye kiungo chake. Vidole vinne vilivyobanwa pamoja ni cun 3. Vidole vitatu hukaribia cun 2. Ni kama shubiri na dhiraa za wazee wetu, kipimo kinatoka mwilini, ila hapa vidole vinavyohesabiwa ni vya mgonjwa. Ukimbonyeza mtoto kwa kutumia upana wa vidole vyako, umeshapotea njia. Na maelekezo ya "sentimita tano juu ya kifundo" yapuuze, kwa sababu yanamchukulia mvuvi wa miraba minne na binti wa miaka kumi kuwa na mkono mmoja.

Ukifika mahali penyewe utahisi. Panauma kwa namna ya uzito, kujaa au ganzi, tofauti na sentimita mbili pembeni. Wachina huita hisia hiyo de qi, yaani qi, nguvu ya uhai inayosemwa kupita mwilini kwa mikondo, imefika. Hata asiyeamini habari za qi na mikondo yake anaweza kuitumia kama alama ya kuongozea kidole.

Kichefuchefu: Neiguan au Zusanli?

Neiguan iko upande wa ndani wa mkono. Geuza kiganja juu, weka vidole vitatu kuanzia kwenye mkunjo wa kifundo kuelekea kwenye kiwiko, kisha kunja ngumi na uinamishe kifundo kidogo. Kano mbili zitachomoza chini ya ngozi. Nukta iko katikati yake, mwishoni mwa vidole vile vitatu. Watu wengine wamezaliwa bila ukano mmoja kati ya hizo mbili, kwa hiyo usihangaike kama wako hauonekani: fuata mstari wa katikati ya mkono. Bonyeza kwa gumba dakika mbili au tatu, nguvu ya kutosha kuacha alama lakini isiyokufanya ukunje uso, kisha hamia mkono wa pili.

Sifa ya nukta hii haitokani na vitabu vya kale peke yake. John Dundee, profesa wa dawa za ganzi na usingizi wa upasuaji mjini Belfast, alipotembelea China aliona nukta hiyo ikitumiwa na wajawazito kuzuia kutapika. Aliporudi, yeye na wenzake waliijaribu kwa wanawake waliokuwa wakifanyiwa upasuaji mdogo, na matokeo yakachapishwa mwaka 1986. Majaribio yakafuatana. Mwaka 1997 jopo lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilikubali kwamba akupancha inasaidia kichefuchefu cha baada ya upasuaji na cha dawa za saratani. Kisha uchambuzi wa mwaka 2015 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha majaribio ya tiba, ukakusanya majaribio 59 yenye washiriki 7,667. Waliochochewa Neiguan walipata kichefuchefu na kutapika kidogo kuliko waliopewa tiba ya kuigiza, na haikuonekana tofauti ya kutegemewa kati yao na waliopewa dawa za kuzuia kutapika. Ubora wa mengi ya majaribio hayo haukuwa wa juu, na wachambuzi wenyewe walilisema hilo. Hata hivyo, katika nukta zote 361, sijui nyingine yenye rundo la ushahidi kama hili.

Kwa kichefuchefu cha safari, matokeo yamechanganyika. Anayevuka kutoka Dar kwenda Unguja wakati wa kusi hatapoteza kitu akijaribu, mradi aanze kabla boti haijatoka bandarini na asiache kidonge chake nyumbani kwa ajili ya majaribio.

Zusanli iko mguuni. Kunja goti, upande wa nje, chini ya pia ya goti, kuna kibonde. Shuka vidole vinne kutoka hapo, kisha sogea upana wa kidole kimoja kutoka kwenye mfupa wa ugoko kuelekea nje. Ukiinua unyayo juu, msuli utavimba chini ya kidole chako. Wachina huitumia kwa tumbo kujaa gesi, choo laini kisichokoma, kukosa hamu ya kula na uchovu unaodumu. Huko Japani, wasafiri wa zamani walichoma moksa, yaani majani makavu ya jamii ya pakanga, papo hapo kabla ya safari ndefu za miguu.

Nukta hii ina sehemu yake katika historia ya akupancha kuvuka kwenda Magharibi. Julai 1971 mwandishi wa New York Times, James Reston, alipasuliwa kidole tumbo mjini Beijing. Watu husimulia kwamba alipasuliwa kwa akupancha bila ganzi. Si kweli; ganzi ilikuwa ya dawa za kawaida. Sindano zilikuja baadaye, tumbo lilipojaa gesi na kumtesa: alichomwa kwenye kiwiko cha kulia na chini ya magoti, na akaandika kwamba alipata nafuu.

Kwa hiyo, kama moyo unakuchafuka sasa hivi, Neiguan. Kama tumbo limekusumbua wiki nzima kwa gesi na uzito baada ya kula, jaribu Zusanli, asubuhi na jioni, bila kutegemea muujiza wa siku moja. Wanaozitumia pamoja hawakosei, matabibu wengi hufanya hivyo. Lakini kutapika pamoja na homa katika nchi zetu ni suala la kupima malaria kwanza, na mtoto anayetapika na kuharisha anahitaji maji ya chumvichumvi kabla ya kidole cha mtu yeyote.

Kichwa: Hegu, Lieque au Fengchi?

Hapa tiba ya Kichina inauliza swali ambalo daktari wa kawaida naye huuliza: kinauma wapi? Paji la uso, pande za kichwa, kisogo na utosi huhesabiwa kuwa chini ya mikondo tofauti, na kila upande una nukta zake.

Hegu ni ya mbele: paji, macho, taya, meno. Ndiyo maarufu kuliko zote, na ndiyo rahisi kuipata. Bana gumba kwenye kidole cha shahada, msuli utainuka kati yake. Weka kidole kwenye kilele cha msuli huo, legeza mkono, kisha bonyeza kuelekea kwenye mfupa wa kidole cha shahada. Mwenye jino linalouma usiku wa manane, duka la dawa limefungwa, ana sababu nzuri ya kuijua. Inaweza kumpunguzia makali hadi asubuhi, ila jino lililooza litaendelea kuoza.

Lieque iko kwenye kifundo, upande wa gumba. Pishanisha mikono yako pale kati ya gumba na kidole cha shahada, vidole vya shahada vikiwa vimenyooka: ncha ya kidole cha juu huangukia kwenye kibonde kidogo juu ya mfupa. Hapo ndipo. Ubeti unaipa kichwa na shingo, na kwa kuwa iko kwenye mkondo wa mapafu, huongezwa pia kwenye mafua na kikohozi. Kusema kweli, kwa kidole ni nukta ngumu: nyama ni chache, kibonde ni chembamba, na anayejibonyeza mwenyewe mara nyingi hasikii chochote. Naiona ni nukta ya sindano.

Fengchi ni mbili, chini ya fuvu, kwenye mabonde ya pande zote za misuli mikubwa ya shingo. Shika kichwa kwa mikono miwili kutoka nyuma, magumba yazame humo, kisha lalia magumba taratibu huku ukipumua. Kwa anayekaa mbele ya kompyuta au nyuma ya usukani wa daladala siku nzima, ambaye maumivu yake huanza shingoni na kupanda kisogoni, hii inaipita Hegu kwa mbali. Inagusa msuli wenyewe uliokakamaa, na huhitaji nadharia ya mikondo kuelewa kwa nini unasikia nafuu. Ila kwa sindano mambo yanageuka: ndani ya nyama hiyo kuna mshipa mkubwa wa damu unaopanda kwenye ubongo, na ndani zaidi kuna uti wa mgongo. Fengchi kwa kidole ni ya kila mtu. Kwa sindano ni ya fundi aliyesomea kina na mwelekeo.

Iko pia Taichong, juu ya unyayo kati ya mifupa ya kidole gumba na cha pili, inayopewa kichwa cha utosini na cha hasira. Ikiunganishwa na Hegu za mikono yote miwili huitwa Malango Manne. Wengine huitangaza kama tiba ya presha. Tafadhali, usiache vidonge vya presha kwa ajili ya kidoto cha mguuni.

Kwa kipandauso na kichwa kinachojirudia kila wiki, kubonyeza peke yake ni kidogo mno. Mwongozo wa mwaka 2012 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unataja sindano, hadi vikao 10 ndani ya wiki 5 hadi 8, kama njia mojawapo ya kuzuia maumivu yasirudi. Hiyo ni ratiba na gharama, kwa hiyo iingize kwenye hesabu. Na kichwa kinachokuja na homa na shingo ngumu, au kilichoanza ghafla kwa kishindo kuliko chochote ulichowahi kusikia, hakina nukta. Ni hospitali.

Mgongo na kiuno: Weizhong au pale panapouma?

Weizhong iko nyuma ya goti, katikati ya mkunjo. Kuichagua kwa maumivu ya kiuno huwashangaza watu, lakini mantiki ya Kichina ni kwamba mkondo wa kibofu hushuka mgongoni kote na kupita hapo. Chini ya ngozi kuna mshipa mkubwa wa damu na wa fahamu, kwa hiyo bonyeza kwa upole, na mwenye mishipa iliyovimba miguuni aiache kabisa. Nukta shindani ni Shenshu, pande mbili za uti wa mgongo usawa wa kiuno. Hiyo unaweza kuishughulikia kwa mpira wa tenisi: uweke kati ya mgongo na ukuta, egemea, jisogeze.

Ni hapa ndipo nilipopunguza imani yangu kwa michoro. Katika utafiti mkubwa wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2007, wagonjwa 1,162 wa maumivu sugu ya kiuno waligawanywa makundi matatu. Miezi sita baadaye, asilimia 47.6 ya waliochomwa kwenye nukta za Kichina walikuwa wamepata nafuu. Waliochomwa juu juu mahali pasipo nukta yoyote: asilimia 44.2. Waliopata tiba ya kawaida ya dawa na mazoezi: 27.4. Soma tena tarakimu mbili za kwanza. Sindano, au kitendo kizima cha kuhudumiwa kwa sindano, kilisaidia kuliko tiba ya kawaida. Lakini kuchagua mahali "sahihi" kuliongeza kidogo mno. Uchambuzi mwingine wa maelfu ya wagonjwa umeona tofauti kati ya nukta halisi na za kuigiza ipo, ila ndogo.

Kwa msomaji maana yake ni hii: kwa kiuno usigombanie Weizhong na Shenshu. Chagua Shenshu na mpira wa tenisi, maana huhitaji mtu wa pili, na endelea kutembea na kufanya mazoezi.

Hedhi na ujauzito: hapa chagua kwa uangalifu

Sanyinjiao ndiyo nukta ya wanawake. Vidole vinne juu ya kilele cha kifundo cha ndani cha mguu, nyuma tu ya mfupa. Mikondo mitatu, wa wengu, wa ini na wa figo, hukutana hapo, na maumivu ya hedhi ndiyo sababu kubwa ya watu kuibonyeza. Anza siku mbili tatu kabla ya damu. Ukingoja hadi umejikunja kitandani, utaiona haifai. Wapo wanaochagua Hegu kwa maumivu hayohayo kwa kuwa mkono uko karibu na unaweza kuubonyeza ofisini bila mtu kutambua. Zote mbili sawa, kama huna mimba.

Ukiwa na mimba, Sanyinjiao na Hegu ni marufuku katika tiba ya Kichina, pamoja na Jianjing ya begani. Katazo ni la zamani sana. Simulizi ya karne ya 5 inamtaja tabibu Xu Wenbo na mfalme kijana mkatili waliokutana na mwanamke mjamzito njiani. Mfalme akasema mimba ni ya mtoto wa kike, tabibu akasema ni pacha, na mfalme akataka tumbo lipasuliwe waone. Xu Wenbo, kumwokoa mwanamke asichinjwe, akamchoma Hegu na Sanyinjiao. Mimba ikatoka, na ilikuwa pacha kweli. Katazo hilo linasimama juu ya mapokeo zaidi ya majaribio ya kisasa. Lakini kwa nini mtu ajitie kwenye shaka, wakati kwa kichefuchefu cha mimba Neiguan ipo na haina katazo?

Nukta moja inaelekea upande wa pili kabisa. Zhiyin, kwenye kona ya nje ya ukucha wa kidole kidogo cha mguu, hutumiwa mwishoni mwa ujauzito kumgeuza mtoto aliyetanguliza makalio. Haichomwi sindano, hupashwa kwa moksa iliyosokotwa kama sigara nene, ikiwashwa na kusogezwa karibu na ngozi bila kuigusa. Utafiti uliofanyika Jiangxi, China, na kuchapishwa mwaka 1998 uliwafuata wanawake 260 wa mimba ya kwanza walio katika wiki ya 33. Wakati wa kuzaa, watoto waliotanguliza kichwa walikuwa asilimia 75.4 kwa waliopashwa moksa, na 62.3 kwa wasiopashwa. Majaribio ya baadaye hayakutoa picha thabiti kama hiyo. Ukitaka kujaribu, mkunga wako ajue kwanza, na mtoto aangaliwe baada ya hapo. Kwa mjamzito mwenye kichwa kikali, macho kuona ukungu au uso kuvimba, hakuna cha nukta: kifafa cha mimba hakisubiri.

Usingizi

Shenmen, kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono upande wa kidole kidogo, dhidi ya Baihui ya utosini. Ushahidi wa zote ni mwembamba. Chagua Shenmen kwa sababu unaweza kuibonyeza ukiwa umelala.

Kidole, mkanda, moksa au sindano?

Kidole hakina gharama na madhara yake ni madogo. Mkanda wa mkononi wenye kitufe kigumu unafaa kwa Neiguan tu, na ubora wake ni kwamba unaendelea kubonyeza wakati mikono yako ina kazi. Hakikisha kitufe kimekaa kati ya kano, maana wengi huuvaa kama saa na kitufe kikaishia kwenye mfupa. Moksa haifai kwa mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni, ambaye ataungua bila kujua, wala kwenye chumba kisicho na dirisha.

Sindano inahitaji mtu. Kwa Waswahili hili si jambo la jana: timu za madaktari wa Kichina zilianza kufika Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968, na kliniki za watu binafsi zikafuata mijini. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza lake la kusajili watoa huduma, kwa hiyo una haki ya kuomba kuona cheti. Angalia pia pakiti: sindano ifunguliwe mbele yako, itumike mara moja, kisha itupwe kwenye boksi la taka kali. Mweleze kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Akikuchoma Neiguan na ukasikia kama shoti ya umeme ikikimbilia kidole cha kati, sema papo hapo. Amegusa mshipa wa fahamu na anatakiwa kurudisha sindano nyuma.

Nukta ambayo mimi ningeikataa kwa fundi nisiyemjua ni Jianjing, juu ya bega kati ya shingo na ncha ya bega. Kwa kidole ni tamu kuliko zote, hasa kwa waliobeba mizigo. Kwa sindano, ncha ya pafu iko chini yake tu, na sindano iliyozama sana inaweza kulitoboa. Ukichomwa hapo, kisha saa chache baadaye kifua kikaanza kuchoma upande mmoja kila ukivuta pumzi, usirudi kliniki kulalamika. Nenda hospitali, waambie ulichomwa sindano begani, na uombe picha ya kifua.